Kidole cha Mjomba

Rili yangu ya kwanza niliinunua shilingi 35,000 kwa sababu boksi lake liliandikwa beringi 13. Ya jirani yake iliandikwa beringi 4 tu, na bei ilikuwa zaidi ya mara mbili. Hesabu ilionekana rahisi.

Jioni ile ile, juu ya mawe ya Raskazone, Tanga, kolekole alinipa hesabu nyingine. Alipovuta, breki ya rili ilishika, ikaachia kwa mshtuko, ikashika tena. Mshipi ukakatika. Mjomba, aliyekaa jiwe la pili na mshipi wake alioukunja kwenye chupa ya plastiki, hakucheka. Alininyooshea kidole cha shahada, makovu membamba yamepandana juu yake. "Breki yangu hii," alisema.

Nikaanza kuitafuta asili ya mashine hii iliyotaka kufanya kazi ya kidole.

Kigurudumu cha kuvulia ni cha kale: Ma Yuan, mchoraji wa China, alimchora mvuvi mwenye nacho mnamo 1195. Kwa karne nyingi tatizo lake lilikuwa moja. Ukirusha, gurudumu lazima lizunguke ndipo mshipi utoke. Likiwa zito, chambo chepesi hakifiki mbali. Likizidi kasi, mshipi unajisokota fundo. Mwaka 1884 Peter Malloch wa Perth, Uskoti, alitengeneza gurudumu linalogeuzwa upande wakati wa kurusha, mshipi ukateleza ukingoni. Mwaka 1905 Alfred Holden Illingworth, mwenye kiwanda cha sufu huko Bradford, Uingereza, alipata hataza ya rili ambayo bobini yake hutulia tuli. Husimuliwa kwamba wazo alilipata kiwandani, ambako uzi hutoka kwenye ncha ya bobini isiyozunguka.

Wengine wakaongeza. Mwaka 1932 Hardy walitoa Altex, yenye mkono wa waya unaouokota mshipi wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Carpano & Pons wa Cluses, mji wa mafundi saa Ufaransa, walizieneza rili za Mitchell. Shimano ya Japani, iliyoanza 1921 na vipuri vya baiskeli, iliingia kwenye uvuvi mwaka 1970. Sufu, saa, baiskeli: kila mmoja alileta ujuzi wa kwao.

Kazi iliyobaki ngumu ni ile ya kidole: kumwachia samaki mshipi bila kumwachia samaki. Ndani ya rili kazi hiyo hufanywa na washa chache zinazobanwa juu ya bobini. Nilipoifungua yangu, nilikuta kipande kimoja cha kitambaa, kikavu, hakina hata grisi. Hapo nikaelewa lile boksi. Beringi huhesabika, kwa hiyo huandikwa. Washa hakuna anayeziona dukani, kwa hiyo ndipo senti hubanwa.

Nilirudi dukani na kipande cha mshipi mfukoni. Nilikifunga kwenye kila rili ya bei nafuu, nikalegeza breki kidogo, nikavuta polepole. Nyingi zilirukaruka. Ile ya beringi 4 iliachia sawasawa, kama mtu anayekusikiliza mpaka umalize. Ilikuwa ya bei nafuu bado, ila fedha yake ilikuwa imekwenda mahali panapohusika.

Zamani nilidhani mjomba anaikataa rili kwa ukaidi wa wazee. Siku hizi kidole kile hakikunjiki vizuri asubuhi. Hushika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Nilimpelekea. Aliushika mshipi, akauvuta taratibu, kichwa kimeinama upande.

"Hii ina vidole," alisema. Kisha akaniuliza bei.

Nikamtajia 35,000.