Kadhia ya Lord Erroll

Usiku wa manane, kuamkia tarehe 24 Januari 1941, wachukuzi wa maziwa waliikuta karibu na Karen, nje ya Nairobi, motokaa ya Buick ambayo taa zake zilikuwa zingali zikiwaka, na ndani yake maiti ya Lord Erroll, kabaila wa Kibriteni aliyelowea Kenya, aliyepigwa risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana alikuwa hawara wa marehemu, alishitakiwa akaachiliwa, kwani wakili wake alidhihirisha kwamba risasi ile haikutoka katika Colt, aina ya bastola alizomiliki.

Mwaka 1969 James Fox, mwandishi kijana asiye askari wala kadhi, aliifukua kadhia hiyo pamoja na mwandishi mkongwe Cyril Connolly; naye Connolly alipofariki mwaka 1974, Fox akaendelea peke yake hata akachapisha kitabu mwaka 1982, kinachomtia Broughton hatiani. Walioulizwa sana ni mabwana na mabibi. Watumishi waliowafungulia milango usiku, nadhani walijua mengi zaidi.