Breki kutoka chukudu hadi baiskeli ya umeme

Waliotoka Goma wanaijua chukudu. Haina pedali wala injini, ni mbao na magurudumu mawili tu, lakini inashusha magunia ya viazi na makaa toka milimani hadi mjini. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga, raba inasugua, mwendo unapungua.

Kuna wanaoicheka. Ila Ulaya nao walianza hivyo hivyo: baiskeli nyingi za karne ya 19 zilikuwa na chuma kama kijiko kinachokandamiza tairi lenyewe. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo, na kijiko kikawa kinalila haraka. Breki ikahamia kwenye ringi.

Hiyo ndiyo tuliyoikuta kwenye zile baiskeli kubwa nyeusi, zenye vyuma virefu vya breki badala ya waya (sisi wa Kivu tunasema kinga, Wakenya wanaziita Black Mamba). Miaka ya 1960 vijana wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walianza kubebea abiria kwenye baiskeli, na boda boda ikazaliwa. Ni ngumu kweli kweli hizo baiskeli. Lakini ringi ya chuma ikilowa mvua, raba inateleza tu.

Sasa fundi anafunga mota na betri kwenye baiskeli hiyo hiyo, breki anaiacha ile ile! Mwendo ukiwa mara mbili, breki inatakiwa kumeza nguvu mara nne, na bado hujaweka abiria. Mimi naona heri kukataa kazi hiyo mpaka breki ya diski ipatikane. Diski iko katikati ya gurudumu, mbali kidogo na matope, na mikono mingi ya breki za umeme ina swichi inayokata mota ukiibana.

Ukiipata, bana mkono wa breki kabla hujatoka. Ukigusa usukani, kaza waya. Pedi zikiwa mpya, zizoeze: shika breki kama mara 20 kwenye tambarare, bila mzigo. Oili isiguse diski hata tone. Na ndugu zetu wa mashirika wanaoleta baiskeli za umeme kambini, tuwaulize mapema: pedi zikiisha, tunazipata wapi?