Mwenye Vyombo, Mwenye Gari

Matatu za Kibera zikifika Olympic huwa zimefika mwisho wa safari. Dereva hugeuza gari, makanga naye huanza upya kuwaita abiria wa mjini. Ukipanda kutoka hapo hadi Ngong Road, kisha ukaelekea magharibi, hukawii kufika Dagoretti Corner, na mbele yake kidogo ndiyo Kawangware. Hapo Dagoretti Corner palikuwa na ukumbi ulioitwa Bombax, mojawapo ya kumbi ambazo bendi za Nairobi zilikesha zikipiga. Upande wa kusini, ukivuka Kibera yenyewe, unafika Lang'ata kwenye kambi za jeshi. Eneo hili la jiji limesikia muziki wa dansi wa kila aina, ila sehemu kubwa ya muziki huo haikuzaliwa hapa. Ililetwa kwa barabara, ndani ya makombi na malori yaliyobeba spika, ngoma, magitaa na watu waliobanana juu ya mizigo yao.

Napenda kuianza habari hii Tanga. Katika miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiongoza ulimwenguni kwa mkonge, na Tanga ndiyo iliyokuwa bandari yake. Mkonge ulivuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi, na palipo na vibarua wenye ujira wa mwisho wa mwezi hapakosi dansi. Mji ukawa na bendi mbili zilizoshindana vikali, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na watu wakagawanyika kwa mapenzi kama wanavyogawanyika leo kwa timu za mpira. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianza kazi ya muziki katika Jamhuri Jazz.

Kwa kijana wa wakati ule, kujiunga na bendi kulimaanisha kwanza kabisa kukubali jambo moja: gitaa unalolipiga si lako. Vyombo ni vya bendi, na bendi ina mwenyewe. Magitaa ya umeme, ampli na ngoma vilitoka ng'ambo kwa bei ambayo mpiga muziki wa kawaida hakuweza hata kuiota. Kwa hiyo aliyetaka kupiga mtindo wake mwenyewe alikuwa na njia mbili, kumngoja tajiri wa kumnunulia vyombo au kwenda mahali palipo na vyombo vinavyotafuta wapigaji. Hii ndiyo sababu wanamuziki wa Afrika Mashariki walihama mno. Watu husema walikuwa na roho ya kutangatanga. Naamini walikuwa wakifuata zana za kazi, kama fundi seremala asiye na randa anavyofuata karakana.

Mwaka 1970 ndugu wa Kinyonga walikuwa Arusha, ambako ndugu yao mwingine, William, aliungana nao katika Arusha Jazz. Mwaka uliofuata waliingia Mombasa. Ukiitazama ramani utaona wamezunguka: kutoka Tanga pwani kwenda bara chini ya Mlima Meru, kisha kurudi pwani, ila safari hii upande wa pili wa mpaka. Kwa mkato Tanga na Mombasa ni majirani, safari ya nusu siku kupitia Horohoro na Lunga Lunga, na watu wa pande zote mbili wana jamaa huku na huku. Mombasa wakachukua jina la Simba Wanyika. Mji ule ulikuwa na mabaharia, watalii, hoteli na kumbi, na zaidi ya hayo ulikuwa katika nchi yenye makampuni ya kurekodi na kuchapisha santuri. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zake zilirekodi redioni, na wimbo ukishapigwa redioni mpigaji hakupata cha kuuza. Katikati ya miaka ya 1970 Simba Wanyika wakapanda tena gari, wakasafiri takriban kilomita 480 hadi Nairobi.

Kisha mpaka ukafungwa. Februari 1977, katika miezi ya mwisho ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Wanahistoria wengi hulieleza jambo hili kwa hesabu ya reli, ndege na posta zilizogawanywa. Mimi huwafikiria zaidi wanamuziki waliokuwa Nairobi siku ile. Kijana wa Tanga aliyezoea kwamba nyumbani ni mwendo wa siku moja, alijikuta yuko ughaibuni bila kusogea hata hatua. Nyimbo zake zilivuka kwa mawimbi ya redio, naye mwenyewe akabaki. Tukiuliza kwa nini rumba ya Kiswahili ya Nairobi ilikomaa hasa kati ya 1977 na 1983, lazima tuutaje mpaka huo. Wapigaji walikuwa wamekwama pamoja katika mji mmoja, wakagombana, wakaachana, wakaungana upya, na kila mfarakano ukazaa bendi nyingine.

Mfarakano mkubwa kuliko yote ulitokea 1978. Omar Shabani, mpiga rithim aliyeitwa Profesa, aliondoka Simba Wanyika pamoja na Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa dramu na Sijali Zuwa wa saksafoni. Wakajiita Les Wanyika. Aliyekuja kuwa sauti yao ni John Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa akipiga Kenya na Orchestra Bwambe Bwambe. Kwa muda wa miezi sita hivi walifanya mazoezi na kutunga nyimbo mpya kabla ya kujitokeza mbele ya watu katika ukumbi wa Garden Square, katikati ya Nairobi. Nusu mwaka bila kupanda jukwaani ni muda mrefu kwa mtu anayeishi kwa pesa za mlangoni. Walivumilia, na mwaka 1979 ikatoka Sina Makosa.

Usikilize tena wimbo ule, ila uache maneno, fuata rithim. Katika bendi nyingi za rumba rithim hukaa nyuma ikishikilia mlango wa solo. Shabani hashikilii mlango wa mtu. Gitaa lake linazunguka katika kijisehemu kifupi, tena na tena, likijibizana na besi ya Malanga ambayo inaacha nafasi, inangoja, kisha inaingia pale usipoitarajia. Solo inapofika inakuta nyumba imeshajengwa. Ni muziki wa watu waliokaa pamoja muda mrefu, kwenye mabenchi ya mazoezi na kwenye viti vya gari, hadi kila mmoja akajua mwenzake atapumua wapi. Issa Juma, aliyeimba na Les Wanyika siku za mwanzo, baadaye alianzisha Super Wanyika yake. Jina Wanyika likazaana mjini hata wasikilizaji wakawa wanalazimika kuuliza ni Wanyika wepi.

Barabara ya pili ilitoka Katanga nchini Kongo, nayo ni ya zamani zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa na biashara ya matangazo na muziki Nairobi, aliwaleta wapiga gitaa wa huko, Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo. Gitaa la Mwenda likatumika kutangaza dawa ya Aspro, na vijana wa Kenya wakaanza kuiga namna alivyochezesha vidole. Walioimba naye hawakuhitaji mkalimani, kwa kuwa Lubumbashi, Likasi na Kamina ni miji ya Kiswahili. Jambo hili husahauliwa na wanaodhani kila mwanamuziki wa Kongo ni mtoto wa Kinshasa. Kwa mtu wa Katanga, Dar es Salaam na Nairobi zilikuwa karibu kwa lugha kuliko mji mkuu wake mwenyewe. Barabara kuu ya kutoka Zambia kupitia Tunduma ilipotengenezwa miaka ya mwanzo ya 1970, zaidi ya kilomita 900 kutoka mpakani hadi Dar, mlango ukawa wazi kwa gari lolote lenye matairi mazima.

Wakaja. Orchestra Maquis wa Kamina walipitia Uganda wakatua Dar es Salaam mwaka 1972. Baba Gaston, jina lake Ilunga wa Ilunga, alipitia Tanzania kabla ya kuingia Nairobi katikati ya muongo ule. Kundi la Super Vox, lililoundwa 1967 na kuongozwa na Mutonkole Longwa Didos, lilifika Nairobi 1974 na kujibatiza Super Mazembe, jina la mitambo ya kuchimbua ardhi na kutengeneza barabara. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alivuka Kongo nzima hadi mashariki, akaunda Les Kinois huko Kampala, akaingia Nairobi 1977 na kuanzisha Virunga mwaka 1981. Mwaka 1976 wapigaji wa Baba Gaston, wakiwemo Bwamy Walumona na Kabila Kabanze aliyeitwa Evany, walimwacha bosi wao wakaunda Les Mangelepa. Tazama jinsi hadithi inavyofanana na ile ya Tanga: safari ndefu chini ya mwenye vyombo, kufika, kisha kuachana naye. Barabara iliwafunga pamoja kwa sababu hakuna aliyeweza kurudi nyumbani peke yake. Mji uliwafungua, maana Nairobi ilikuwa na wenye kumbi na wenye studio waliokuwa tayari kukopesha vyombo kwa yeyote mwenye nyimbo.

Hata baada ya kutulia Nairobi hawakutulia. Ukumbi mmoja haukutosha kulisha watu kumi na wake zao. Bendi iliufuata mshahara ulikolipwa: mashamba ya chai ya Kericho, miji ya miwa ya magharibi, maonyesho ya kilimo ya Nakuru na Kisumu. Gari liliondoka Nairobi asubuhi, vyombo vikipakiwa kwa mpangilio usiobadilika, spika kubwa chini, ngoma juu yake, magitaa mikononi mwa wenyewe. Usiku wakapiga mpaka majogoo, na alfajiri wakahesabu za mlangoni. Mafuta yalitolewa kwanza, kisha fungu la mwenye vyombo, na kilichosalia ndicho kilichogawanywa. Mpiga tumba, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye santuri, alipata kidogo kuliko wote.

Ndiyo maana nimezitaja kambi za Lang'ata. Kibera yenyewe ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, na jirani yake wanajeshi wa kikosi cha saba cha Kenya Rifles waliunda bendi yao mwaka 1970, Maroon Commandos, ikiongozwa na Habel Kifoto kutoka Taita. Wimbo wao wa Kitaita, Charonyi Ni Wasi, ulivuma 1977 nchi nzima hata kwa wasiojua neno moja la lugha hiyo. Maroon Commandos walipiga rumba na benga kwa ustadi uleule wa wageni wao, lakini vyombo vyao vilikuwa vya jeshi, na mshahara ulifika hata ukumbi ukiwa mtupu. Hakuna afisa aliyewadai vibali vya kazi. Serikali ilipokaza masharti ya vibali katika miaka ya 1980, Wakongo wengi walifunga virago, na Maroon Commandos wakaendelea kupiga. Kifoto aliongoza bendi hiyo kwa muda mrefu, akafariki 2011. Sisemi kwamba alikuwa bora kuliko Shabani au Bwamy. Nasema alipewa kile walichonyimwa wao, na umri wa bendi yake unaonyesha thamani ya kitu hicho.

Barabara yenyewe nayo ilichukua haki yake. Mwenda alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia miaka ya 1990 ilipoanza. D.O. Misiani wa Shirati Jazz, mfalme wa benga aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kujenga jina Kenya, alikufa kwa ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Machi 2011 basi dogo la Five Stars Modern Taarab, lililokuwa likirudi Dar es Salaam kutoka maonyesho ya Mbeya, lilipata ajali eneo la Mikumi mkoani Morogoro, na watu 13 wakafa. Waimbaji na wapigaji wengi wa kundi moja waliondoka usiku mmoja. Wasikilizaji huambiwa ni kudra, na sipingani na kudra. Lakini wasafiri wa namna hii mara nyingi walipiga muziki usiku kucha, wakapanda gari bila kulala kwa sababu hapakuwa na pesa ya chumba, na kesho yake walitakiwa jukwaani pengine.

George Kinyonga alifariki 1992, na Wilson akamfuata 1995. Simba Wanyika ikafa naye. Katika Super Mazembe aliwahi kuimba Lovy Longomba, mwana wa Vicky Longomba aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz mjini Kinshasa mwaka 1956. Wana wawili wa mwimbaji huyo wa Super Mazembe, Lovy mdogo na Christian, walikulia Nairobi. Katika miaka ya 2000 waliingia studio kwa jina la Longombas wakaimba kwa Kiswahili cha vijana wa mjini, na Vuta Pumz ikapigwa katika kila matatu, za Kibera na za Kawangware zikiwemo. Hawakuhitaji kombi wala ampli za mtu, kwani ala zote zilikuwa ndani ya kompyuta ya studio. Baadaye walihamia Marekani, na huko, Machi 2021, Christian alifariki.