Treni za Mtumba: Kila Kitu Unafaa Kujua Kabla Ucheke Zile za Nairobi

Kama unakaa Loresho, treni kwako ni story ya watu wa Syokimau na Ruiru. Reli ya kwenda Kikuyu inapitia Kibera na Dagoretti, ng'ambo kabisa ya mtaa wenu. Nyinyi mko na Waiyaki Way na Lower Kabete Road. Uwe na gari ama upande mat, jam ni ile ile, na inawashika kabla hata hamjaona Westlands.

Lakini siku ile serikali itasema inaleta treni zingine Nairobi, utasikia watu mtandaoni wakiuliza swali moja: "Mbona tunaletewa mtumba?" Ni swali poa. Shida ni kwamba wengi huuliza halafu hawangojei jibu. Wacha tulipate leo.

ZILE ZA NAIROBI ZILITOKA WAPI?

Zile treni unaona zikitoka stesheni ya tao zinaitwa DMU. Hazina kichwa cha kuvuta mabehewa. Injini ya dizeli imefichwa chini ya sakafu, hapo hapo chini ya miguu ya abiria. Kenya Railways ilinunua 11, na Rais Uhuru Kenyatta akazindua huduma hiyo Novemba 2020.

Kabla ya hapo zilikuwa zinabeba watu kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Zilitengenezwa na kampuni ya CAF kuanzia miaka ya 1990, so zingine ni rika lako ama zimekushinda miaka. Mallorca iliamua kuweka umeme kwa reli yake, dizeli zikabaki bila kazi.

Na hazikuletwa huku kwa bahati. Reli ya Mallorca ina upana wa mita moja, sawa kabisa na ile reli ya zamani Mzungu alijenga kutoka Mombasa. Ungenunua treni ya kawaida ya London ama Paris, haingetoshea. Ingekuwa kama kununua kiatu saizi 10 na wewe unavaa 7.

LAKINI GARI YA MIAKA 8 TUNAKATAZWA!

Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ukitaka kuleta Vitz ama Probox kutoka Japani, sheria ya Kenya inakutaka usipitishe miaka 8 tangu itengenezwe. Sasa treni ya miaka 25 ilipitaje?

Jibu ni kwamba treni haizeeki kama gari. Bodi ya behewa hutengenezwa ikae miaka 30 hadi 40, na zingine hupitisha hapo. Kile hufa mapema ni vitu vya ndani: mota, waya, milango, breki, viti.

Fikiria nganya. Jamaa hununua chesisi ya lori, anaipeleka Industrial Area ijengewe bodi, inapigwa rangi, inawekewa screen na mziki. Hype ikiisha, inarudi gereji inabadilishwa sura. Chesisi inabaki, ngozi inabadilika. Treni ni kinyume: ngozi inabaki, matumbo ndiyo yanatolewa. Hiyo ndiyo maana ya ukarabati wa ukweli. Kama wamebadilisha rangi na vitambaa vya viti tu, hiyo si ukarabati, hiyo ni make-up.

WANAFANYA NINI HASA?

Kwanza behewa linavuliwa kila kitu hadi libaki mabati. Mafundi wanatafuta kutu na nyufa. Bodi ikiwa imeoza, mchezo umeisha, inaenda skrepu. Ikiwa fiti, magurudumu na breki zinashughulikiwa, waya zote zinawekwa mpya, milango inabadilishwa, halafu viti na taa.

Kwa treni za umeme kuna hatua moja zaidi, na ndiyo huleta faida kubwa. Mota za zamani zinatolewa, zinawekwa za kisasa ambazo dereva akishika breki, zinageuka jenereta na kurudisha umeme kwa laini. Treni ile ile, safari ile ile, bili inashuka.

WENGINE WAMEFANYA AJE?

Uingereza: Treni za District Line ya London zilizotengenezwa karibu 1980 zilikuwa zimepangiwa skrepu. Kampuni ya Vivarail ikaona bodi zake ni za aluminiamu na bado ziko sawa. Wakazinunua, wakatoa matumbo. Tangu 2021 zingine zinabeba watu kisiwa cha Isle of Wight kwa umeme. Nyingine iliwekewa betri, ikaenda zaidi ya kilomita 130 kwa chaji moja. Na skia hii: zile zilitolewa Isle of Wight kuwapisha zilikuwa za 1938! Lakini usidhani ilikuwa raha tupu. Vivarail yenyewe iliishiwa na pesa mwisho wa 2022.

Indonesia: Jakarta imebeba watu miaka mingi na treni za umeme za mtumba kutoka Tokyo. Mwaka 2023 walitaka kuongeza zingine, serikali ikakataa. Uamuzi ukawa: karabati zile mko nazo, na mpya mnunue.

Afrika Kusini: Treni za manjano za Metrorail, muundo wa tangu miaka ya 1950, zilikarabatiwa tena na tena. Halafu wezi wakabeba nyaya za shaba, mabehewa yakachomwa, stesheni zikabomolewa. Hata ukarabati wa nguvu aje, treni ya umeme bila waya ni nyumba ya mabati. Sasa wanaleta treni mpya 600, nyingi zikiundwa huko huko kwao.

Tanzania: Majirani wamechanganya. Treni yao ya Mchongoko ni mpya kutoka Korea Kusini, inapiga Dar hadi Dodoma kwa umeme tangu 2024. Lakini TRC hao hao waliagiza pia mabehewa ya ghorofa yaliyokarabatiwa Ujerumani. Na ndiyo, hata kule watu walilalamika kuhusu mtumba.

SASA NAIROBI?

DMU zetu zitagonga miaka 40 muongo ujao. Hiyo inamaanisha kuna uamuzi unakuja: kuzitoa matumbo tena, pengine ziwekewe betri, ama kuzitupa tununue mpya. Na usiseme haikuhusu. Tangu 2013 bidhaa nyingi zinazoingia nchini hukatwa ushuru wa kujenga reli. Hata wewe wa Loresho ambaye hujawahi kanyaga stesheni, umechangia.

So siku hiyo ikifika, usiulize tu kama ni mtumba. Uliza haya matano:

1. Bodi imepimwa na nani, na imebakisha miaka mingapi?

2. Ndani kumebadilishwa nini? Mota na waya, ama rangi na viti?

3. Speya zitatoka wapi? Treni ambayo hakuna mwingine anatumia duniani ikiharibika, inakuwa kibanda. Hapa ndipo mitumba mingi hufia.

4. Mafundi wetu watafunzwa kuifungua, ama kila kitu kikiharibika tunangojea mzungu apande ndege?

5. Pesa tulizookoa kwa kukosa kununua mpya zinaenda wapi?

Hilo la mwisho ndilo la maana sana kwenu watu wa upande wa Loresho, Kangemi na Kabete. Ukarabati unafaa kwa sababu unabakisha chapaa. Chapaa hiyo ikijenga reli mpya, stesheni ama hata mat za kukufikisha kwa stesheni, basi treni ya mtumba imekusaidia kuliko mpya. Ikipotea njiani, bado utakuwa kwa jam ya Waiyaki Way, ukihesabu magari, na treni utaendelea kuiona tu kwa simu.

Mtumba si matusi. Nusu ya nguo tunavaa zimetoka Gikomba na tunatoka fiti. Siri ni kujua kuchagua, na kila mtu wa Nairobi anajua: kabla ulipe, unageuza ndani unaangalia mshono.