Gari linachemsha? Angalia njia ya upepo kwenye rejeta
Upepo hufuata njia rahisi. Ukiingia kwenye shoo ya gari, mwingine hupita pembeni ya rejeta bila kuipoza.

Ziba mapengo kati ya shoo na rejeta kwa bati jembamba la alumini au plastiki ngumu. Upepo ukipita wote kwenye rejeta, injini hupoa, na gari halivutwi sana nyuma na upepo unaozunguka ovyo chini ya boneti.

Bati lisiguse feni wala mkanda. Lifunge kwa skrubu ili litoke kirahisi: safari ya Mwanza–Musoma, wadudu wa ziwani huganda kwenye rejeta na lazima isafishwe.

Kwenye foleni mjini bati pekee halitoshi. Hapo kazi ni ya feni.

Na usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, utaungua.