Nani Anayesikitika?

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo sisi watangazaji hukutana nalo mara kwa mara katika habari zinazoletwa na mashirika ya nje. Neno hilo ni "sadly". Tunalitafsiri haraka, "kwa masikitiko", kisha tunaendelea na taarifa. Lakini neno hili limetoka mbali.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, katika Kiingereza cha kale, mzizi wake haukuhusu huzuni. Maana yake ilikuwa kushiba. Wajerumani, ambao lugha yao ina undugu na Kiingereza, hadi leo humwita aliyeshiba "satt". Sasa, aliyeshiba kupita kiasi hukinai, na aliyekinai huwa mzito. Ndivyo neno lilivyosogea: kutoka shibe hadi uzito, na kutoka uzito hadi makini ya mtu asiye na mzaha. Kufikia karne ya 14 huzuni nayo ilikwishaingia, ila maana za zamani hazikuhama mara moja. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka 1600, kuzungumza "sadly" ni kuzungumza kwa makini, si kwa machozi. Na katika karne ya 19 pasi ya chuma kitupu, isiyo na nafasi ya kutia mkaa, iliitwa "sad iron", yaani pasi nzito.

Siku hizi neno hilo huwekwa mwanzoni mwa sentensi, likafuatiwa na habari mbaya. Nani anayesikitika? Halisemi.

Kiswahili kina njia iliyo wazi zaidi. Anayesema "nasikitika" amekwisha kujitaja. Wanaosema "tunasikitika" nao wamejitaja. Lakini sisi pia tuna maficho yetu. Mwajiri akimwandikia mfanyakazi kwamba "kwa bahati mbaya" hana kazi tena, lawama zote hubebeshwa bahati, ilhali uamuzi ulikatwa mezani na watu wenye majina.

Kwa hiyo mtangazaji, au karani anayeandika barua, akikutana na "sadly" ajiulize kwanza: nani anasikitika? Kama yupo, na atajwe. Kama hayupo, neno hilo liachwe. Habari ya msiba ikisemwa vizuri, msikilizaji hahitaji kuambiwa ahuzunike.