Kabla ya Mwani Kulikuwa na Makumbi

Ukisoma habari za wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja utadhani sote tulizaliwa mwaka 1989. Ndio mwaka kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na waandishi wengi husema hapo ndipo mwanamke wa huku aliposhika fedha yake mwenyewe. Mimi nimelelewa Jambiani na bibi mzaa mama. Daftari zangu za shule, sare na mafuta ya taa ya kusomea vilitoka kwenye kamba za makumbi, na yeye kazi hiyo aliikuta kwa mama yake.

Nazi ikishafuliwa kwenye kifuo, kumbi linabaki. Kwingine hulifanya kuni. Kwetu lilisubiri bamvua, siku ambazo maji hupwa mbali na pwani yote huwa wazi. Wanawake walishuka na majembe na vikapu, wakachimba mashimo kwenye mchanga wenye matope, wakapanga makumbi, wakafukia na kukandamiza kwa mawe ili maji yakijaa yasielee. Yalikaa humo miezi mitatu kwa uchache, na mengi zaidi ya hapo. Kumbe chini ya mchanga kuna kazi inaendelea: vijidudu vya maji ya chumvi vinaozesha ile nyama inayoshika nyuzi, lakini uzi wenyewe ni mgumu, hauozi upesi. Likitolewa kabla ya wakati, nyama hung'ang'ania. Ukilipiga kwa nguvu zaidi, nyuzi ndizo zinazokatika. Bibi alikuwa akivunja kipande kimoja, akikinusa, akikirudisha shimoni bila kusema neno, hata kama nyumbani unga umekwisha.

Yakiiva, huchimbuliwa na kupigwa kwa gongo hukohuko pwani, kisha nyuzi zake, yaani usumba, huoshwa, huanikwa na kusokotwa kwa viganja. Harufu yake ni ya yai viza, na inashika nguo hata baada ya kufuliwa. Wasichana wa rika langu tuliionea haya tukienda shule. Bibi hakuelewa haya hiyo inatoka wapi. Kwake, harufu ile ilitangaza kwamba fulani amechimbua shimo lake leo, na mwenye nafasi aje amsaidie kupiga. Mashimo nayo hayakuwa na uzio wala mlinzi. Yalikaa mahali ambapo kijiji kizima hupita, na kila mwanamke aliyajua mawe ya mwenzake.

Kazi hii ina umri mkubwa kuliko vijiji vyetu. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinachoeleza safari za biashara katika Bahari ya Hindi, kinataja bandari ya Rhapta katika pwani hii na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mtepe, chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, uliendelea kushonwa kwa kamba za usumba hadi karne iliyopita. Mbao ziliunganishwa bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Uzuri wa usumba ni kwamba unastahimili chumvi, na mshono ulioshonwa hulegea kidogo chombo kinapogusa mwamba badala ya kupasuka. Katika historia za vyombo hivi tunawasoma mafundi, manahodha na matajiri. Aliyesokota kamba hatajwi.

Nirudi nyumbani, maana jambo ninalolithamini zaidi liko huko. Bibi alipouza kamba alihesabu fedha juu ya mkeka, mbele ya babu na mbele yetu watoto. Babu alikuwa mvuvi, naye akisema amepata nini na anadaiwa nini. Katika sheria ya Kiislamu chumo la mke ni lake, na matunzo ya nyumba ni juu ya mume. Bibi alilijua hilo vizuri na kwa hiyo hakuona sababu ya kuficha. "Yangu ni yangu," alikuwa akisema, "lakini si siri." Akitaka kununua godoro, alisema. Akikataa kumkopesha babu fedha za nyavu, alikataa hapohapo, tukisikia. Si nyumba zote zilikuwa hivyo. Wapo waliozificha fedha zao kwa mashoga zao, na ukiwajua waume zao huwezi kuwalaumu.

Mwani ulipokuja, wanawake hawa hawakufundishwa kusubiri maji wala kugawana pwani. Hayo walikuwa nayo. Kilichobadilika ni muda. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, na kumbi halina haraka hiyo. Wengi wakayaacha mashimo, hasa kwa kuwa kamba ya nailoni ilikwisha kulichukua soko la wavuvi. Kisha, kuanzia miaka ya 2000, maji yakaanza kuwa ya moto na aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, ikawa inakufa mashambani. Waliobaki na mashimo yao wakawa na pa kushika.

Leo wateja wa kamba hizi ni zaidi wajenzi wa mabanda ya makuti ya hoteli, na wanapenda kulalama kwamba ni ghali kuliko nailoni. Sioni ughali wowote. Ukifika kijijini kununua, kabla hujataja bei yako, muulize muuzaji makumbi yake aliyafukia mwezi gani, halafu hesabu mwenyewe hadi siku uliyosimama mbele yake.